Bwawa la Samaki na Sheria Zake katika Kongo

Mara nyingi twapita karibu na shimo la zamani lililojaa matete, wala hatujui ya kuwa lilikuwa bwawa la samaki. Habari yake ina fundisho.

Tuanze na amri ya tarehe 5 Desemba 1933. Amri hiyo ilipanga utawala wa machifu, tena iliwalazimisha wanakijiji kufanya kazi walizoagizwa, hata siku 60 kwa mwaka. Serikali ya Wabelgiji ilisema ni kazi za kuwafundisha watu. Lakini aliyezikataa aliadhibiwa. Tarehe 21 Aprili 1937 ikatoka amri nyingine, juu ya uwindaji na uvuvi. Hiyo ilitazama mito na maziwa, maana kufuga samaki kulikuwa hakujaenea.

Ufugaji ulianza mwaka 1946 kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Samaki aliyechaguliwa ni tilapia, kwa kuwa hula majani na kuzaa upesi. Mwaka 1949 wataalamu wa Kibelgiji na wa Kiingereza walikutana katika mji huo kushauriana juu ya kazi hiyo. Kisha mabwawa yakaongezeka sana, hata mwisho wa miaka ya 1950 yakahesabiwa kuwa zaidi ya 100,000.

Basi, mabwawa hayo yalikuwa ya nani? Mahali pengi watu walichimba kwa kuamriwa. Lakini tilapia wakiachwa kuzaa bila kuvuliwa, husongamana na kubaki wadogo kama vidole. Kuwalisha na kuwapunguza ni kazi ya kila juma, nayo huifanya vema mtu anayejua ya kuwa samaki ni mali yake. Mwaka 1960 uhuru ulipofika, wakaguzi wengi waliondoka, na mabwawa mengi yakaachwa.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza udongo wote kuwa mali ya Serikali. Ikasema pia ya kuwa haki za wanakijiji juu ya udongo wa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutoka.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuchimba, kwanza patana na chifu na wenye udongo, mbele ya mashahidi, mkaandike. Patana pia na wanaotumia maji chini ya kijito. Jembe ni rahisi kulipata. Amani juu ya bwawa yataka neno lililowekwa wazi kabla ya kuchimba.