Beatrix Farrand na Bustani Aliyoivunja Mwenyewe

Miongoni mwa waasisi 11 wa chama cha wasanifu mandhari wa Marekani, mwaka 1899, mwanamke alikuwa mmoja tu: Beatrix Farrand (1872–1959). Mwenyewe alipendelea kuitwa mtengeneza bustani. Ndiye aliyepanga miti na njia za Chuo Kikuu cha Princeton, na kuanzia 1921 bustani za Dumbarton Oaks, Washington. Bustani yake mwenyewe, Reef Point, alikusudia iwe mahali pa wanafunzi kujifunzia. Mwaka 1955, alipokosa uhakika wa matunzo yake ya baadaye, aliamuru ivunjwe. Hukumu kali, lakini bustani si jengo, ikikosa mtunzaji hurudi kuwa pori. Michoro ilikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley; mimea mingi ikahamishiwa bustani nyingine za kisiwa kilekile cha Mount Desert.