Karl Weule Alipofika Masasi na Newala

Wengi wetu hudhani kwamba habari za jando na unyago za zamani zimebaki vichwani mwa wazee tu. Sivyo. Mengi yaliandikwa mwaka 1906 na Mjerumani Karl Weule, msomi wa jumba la makumbusho la Leipzig. Sayansi ya jamii ilikuwa changa wakati huo. Hata Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kilikuwa kimeanzisha idara yake ya sosholojia mwaka 1892 tu.

Weule hakukusudia kuja kwetu. Alitazamia kwenda kaskazini, lakini ghasia za huko zikamgeuza kusini, akashukia Lindi. Alikuta nchi gani? Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Vita vya Maji Maji vilipowaka. Mwezi Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake, na misheni zetu za Lukuledi na Nyangao zikaharibiwa. Kisha likaja jeshi la Wajerumani, likachoma vijiji na mashamba, nayo njaa ikamaliza waliosalimika na risasi.

Katika nchi hiyo iliyojeruhiwa Weule alipita akisindikizwa na askari, akiwauliza Wamakonde, Wayao na Wamakua habari za ndoa, mazishi na unyago. Alisaidiwa na Mnorwei Nils Knudsen, aliyekuwa ameishi miongoni mwa Wayao. Alipiga picha, hata za sinema, akanasa nyimbo kwa fonografu juu ya mitungi ya nta. Alikuwa mchapakazi, hilo tumkubalie. Lakini mzee wa Newala, akiulizwa siri za unyago na mgeni mwenye bunduki nyuma yake, angekataaje? Naona kitabu chake, kilichotoka mwaka 1908, yafaa kisomwe na swali hilo mkononi. Mahali pengine huwadharau watu wale wale waliompokea.

Tofauti naye, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, alikaa miaka mingi, akajaribu kuipa jando sura ya Kikristo. Baadhi ya wazee walimkubali, wengine wakanung'unika.

Weule alifariki mwaka 1926. Vitu alivyokusanya vilikwenda Leipzig, na nyimbo zikahifadhiwa Berlin. Mjukuu wa mwimbaji wa Newala akitaka kuisikia sauti ya babu yake, hana budi kuanzia huko.