Mti, Maji na Kibali: Filamu ya Pumzi na Mtazamaji wa Kaskazini Mashariki

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka 2009 mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alichapisha insha fupi iliyouliza iwapo Afrika iko tayari kwa bunilizi ya kisayansi. Miongoni mwa watu aliowahoji alikuwamo Tchidi Chikere, mwongozaji wa filamu wa Nigeria, ambaye jibu lake lilikuwa la kukatisha tamaa. Filamu za vyombo vya angani, alishikilia, haziivutii hadhira ya nyumbani, kwani hadhira hiyo imeshughulishwa na barabara mbovu, siasa mbovu na ukosefu wa maji. Kabla ya mwaka huo kwisha, Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi, filamu ya dakika 20 na ushei ambayo mada yake nzima ni ukosefu wa maji. Jambo alilolitaja Chikere kuwa kizuizi ndilo Kahiu alilolifanya kiini cha kazi yake.

Makala haya hayakusudii kuamua nani kati yao alikuwa na haki. Yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zilimsemea mtazamaji mmoja aitwaye Mwafrika, na kwamba mtazamaji huyo akipewa mahali pa kukaa, tuseme Garissa, Wajir au Mandera, mjadala wenyewe hubadilika sura.

Mtazamaji huyo mmoja ana nasaba yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio wa sinema kwa Waafrika uliendeshwa kutoka Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt, na filamu zake zikazungushwa kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha Idara ya Filamu ya Makoloni, ambamo William Sellers alieneza nadharia kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha inayokwenda kasi. Apewe picha za polepole, sahili, zisizo na hila za kamera. Ushahidi uliopendwa sana ulikuwa kisa cha mbu. Wanakijiji wanaonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye kiwambo, nao wanasema hawana haja ya kuogopa malaria kwa kuwa mbu wa kwao si wakubwa hivyo. Kisa hicho kilisimuliwa kama dalili ya ujinga. Haikuwajia wasimuliaji kwamba huenda aliyesema hivyo alikuwa akifanya mzaha, au kwamba huenda alikuwa akitoa uhakiki, yaani akilinganisha picha na mazingira yake na kuiona imetia chumvi. Kwa hakika hilo ndilo swali la kwanza linaloulizwa na kila mtazamaji wa bunilizi ya kisayansi: je, wa kwetu ni wakubwa hivyo?

Turudi kwenye Pumzi. Hadithi inatokea miaka 35 baada ya Vita Kuu vya Tatu, vita vya maji. Jamii ya Maitu, jina la Kikikuyu lenye maana ya mama, inaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, umeme huzalishwa kwa nguvu za miili, na ndoto hukandamizwa kwa vidonge. Asha, mhifadhi wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyemjua. Anaupima, anaukuta una unyevu, anaotesha mbegu ndani yake, kisha anaomba kibali cha kutoka nje. Baraza linamkatalia, kwa hoja kwamba huko nje hakuna uhai. Asha anatoroka, anatembea jangwani, anaupanda mche na kuukinga kwa mwili wake mwenyewe hadi kufa.

Mhakiki wa Nairobi anayeifahamu kazi ya Wangari Maathai (ambaye Kahiu alimtengenezea filamu ya hali halisi mwaka huohuo wa 2009) ataisoma sura hii ya mwisho kwa wepesi. Mti ni matumaini. Mwanamke anayepanda mti ni shujaa anayefahamika. Usomaji huo ni halali, na bila shaka ndio ulioisaidia filamu kueleweka ilipofika tamasha la Sundance mwaka 2010.

Lakini tumweke mbele ya kiwambo mtazamaji wa Garissa mwenye umri wa kukumbuka. Kabla hajaufikia mti, atasimama kwenye kibali. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa mwaka 1926, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila karatasi ya serikali. Sheria ya mwaka 1934 ikazidi kubana mienendo ya mifugo na watu. Tarehe 28 Desemba 1963, Kenya ikiwa na uhuru wa majuma mawili, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo. Wakati wa vita vya Shifta wafugaji walikusanywa katika vijiji vya lazima. Sheria za hatari zilidumu hadi mwaka 1991, na katikati yake kuna Garissa ya Novemba 1980 na Wagalla ya Februari 1984. Mnamo 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao. Kwa mtazamaji wa historia hiyo, baraza linalomnyima Asha kibali halibashiri kitu chochote. Linakumbusha. Filamu iliyotangazwa kuwa ya wakati ujao inageuka kuwa ya wakati uliopita, na hapa ndipo maoni ya watazamaji wawili wa nchi moja yanapoachana kabisa, ingawa wote wawili wameielewa filamu barabara.

Vivyo hivyo kuhusu dai kwamba nje hakuna uhai. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, kwa kuwa huko ndiko zingeleta faida kubwa zaidi. Maneno ya waraka ni ya kiuchumi na hayana chuki. Hata hivyo, matokeo yake katika Kaskazini Mashariki yalikuwa kana kwamba baraza la Maitu limekaa na kuamua. Nje ya eneo la mvua kukachukuliwa kuwa patupu, ilhali huko patupu watu walikuwa wakichimba visima, wakijua ni mwezi gani ngamia apelekwe upande gani. Pumzi inamwonyesha Asha akivuka jangwa lisilo na mtu hata mmoja. Naikubali taswira hiyo kwa mahitaji ya filamu fupi, na filamu ilipigwa Afrika Kusini wala si Wajir. Lakini siwezi kumlaumu mfugaji atakayeuliza wenyeji wa jangwa lile wamekwenda wapi.

Mti nao una shida yake. Katika miaka ya 1980 mti wa Prosopis juliflora, ambao Wakenya wanauita mathenge, ulipandwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, kusini mwa Garissa, ili kuleta kuni na kuzuia jangwa. Uliota vizuri kupita kiasi. Ulitambaa kandokando ya Mto Tana, ukafunga njia za mifugo na malisho, na miiba yake ikawajeruhi watu na wanyama. Huko Baringo, wenyeji walioathiriwa na mti huohuo walikwenda Mahakama Kuu na kumleta mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Basi mtazamaji atokaye katika nchi hiyo anapouona mche wa Asha, ana haki ya kuuliza: ni mti gani? Umepandwa na nani, na nani aliulizwa? Swali hilo si la kejeli. Ni uhakiki wa dhamira uliojengwa juu ya ujuzi ambao mhakiki wa nyanda za juu hana.

Sisemi kwamba kila mkazi wa Garissa ataiona filamu hivyo. Kijana aliyezaliwa mjini baada ya 1991 anaweza kuvutiwa zaidi na mashine kuliko na kibali, na msomaji wa Walenisi ya Katama Mkangi (1995), riwaya ambayo mhusika wake mkuu aliyehukumiwa kifo anapaa kwa chombo hadi nchi yenye haki, atakuwa amekwisha kuzoea kuiona bunilizi ya aina hii kama silaha ya kisiasa.

Mgawanyiko kama huu ulionekana waziwazi mwaka 2018 kuhusu Black Panther. Mwezi wa Februari filamu hiyo ilipokewa kwa shangwe Kisumu, nyumbani kwa ukoo wa Lupita Nyong'o. Mwezi huohuo Patrick Gathara, Mkenya vilevile, aliandika katika Washington Post kwamba Wakanda inarudia taswira ya kikoloni ya Afrika. Hapa tena ingekuwa kosa kutafuta msimamo wa Mkenya. Ila nitaongeza hili: Wakanda ni nchi inayojificha nyuma ya mpaka uliofungwa na kujivunia kufungwa huko. Mahali ambapo kufungwa kulikuwa amri ya dola, fahari hiyo haisomeki kwa urahisi.

District 9 ya Neill Blomkamp (2009) inatupeleka mbali zaidi. Viumbe wa angani waliokwama Johannesburg wanawekwa kambini, na maofisa wanapita nyumba kwa nyumba wakidai sahihi za kukubali kuhamishwa. Serikali ya Nigeria iliikataa filamu hiyo kwa jinsi ilivyowachora Wanigeria, na wahakiki wengi waliisoma kama fumbo la ubaguzi wa rangi na la District Six. Katika kaunti ya Garissa kuna Dadaab, kambi zilizoanzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu wapatao 90,000, ambazo mwaka 2011, wakati wa njaa ya Somalia, zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mwezi wa Mei 2016 serikali ilitangaza kuzifunga. Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia. Shirika la FilmAid limewahi kuonyesha filamu kwa wakimbizi wa kambi hizo. Mtu aliyezaliwa Hagadera au Ifo, ambaye amejazishwa fomu tangu utotoni, akimwona ofisa wa Blomkamp akigonga mlango na karatasi mkononi, hatahitaji kuambiwa kwamba lile ni fumbo. Yamkini atakosoa namna ofisa anavyoishika kalamu.