Mvutano na Inesha: Istilahi na Historia Yake

Mtoto wa Shumba, kaskazini ya Pemba, hujua mambo mawili kabla hajaingia darasani: dafu likikatwa huanguka chini, na jahazi likishatua tanga huendelea kwenda mbele. Mambo hayo Newton aliyatungia kanuni mwaka 1687. La kwanza tumezoea kuliita nguvu ya mvutano, na la pili inesha. Je, istilahi hizo zitafaa iwapo nadharia itabadilika?

Mwaka 1865 Clausius alibuni jina entropi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mgeuko, ili kutaja kipimo kihusucho joto. Kwa muda mrefu kipimo hicho hakikuhusishwa na mvutano.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Uchunguzi wake wa miali ya eksirei ulisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 yaelekea kuwa shimo jeusi. Miaka hiyohiyo Bekenstein alitoa hoja kwamba shimo jeusi lina entropi, ilinganayo na eneo la mpaka wake. Naye Hawking, mwaka 1974, akaonyesha kwa hesabu kwamba hutoa joto. Mwaka 1995 Jacobson alizipata kanuni za Einstein za mvutano kutokana na kanuni za joto. Mwaka 2010 Verlinde akapendekeza kwamba mvutano na inesha si mambo ya msingi, bali ni matokeo ya entropi na taarifa, kama mpira ulionyoshwa urudivyo kwa sababu ya mtikisiko wa molekuli zake. Rai hiyo ingali yabishaniwa.

Hapo ndipo mfasiri hukwama. Neno nguvu limekwisha kutoa hukumu, ilhali Einstein, tangu 1915, alieleza jambo hilohilo kuwa ni kupindika kwa anga na wakati. Kwa maoni yetu, graviti litumike kwa jambo lenyewe, na nguvu ya mvutano ibakie kwa maelezo ya Newton. Inesha haina taabu, kwani haitaji chanzo. Istilahi njema hutaja kitu, ikawaachia wataalamu kukieleza.