Ajon: Namna ya kuionja na chakula kinachoandamana nayo

AJON ni pombe ya wimbi ya Wateso, jamii inayoishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia viunga vya Busia kama Burumba hadi Malaba na ng'ambo yake, Tororo. Mwaka wa 1902 wakoloni walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukawa chini ya utawala wa Kenya, na Wateso wakagawanyika. Mapishi yao hayakugawanyika. Jijini Kampala pombe iyo hiyo huitwa malwa.

Isichanganywe na busaa ya Waluhya, ambayo huhitaji unga wa mahindi, wala na chang'aa, ambayo hutokana na mvuke na ni kali mno.

Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe wa hudhurungi, ukaanikwa. Baadaye hutiwa maji na kimea, yaani punje zilizooteshwa, zikakaushwa na kusagwa. Kinachofika chunguni ni machicha mazito, ambayo humiminiwa maji moto na kunywewa kwa mirija mirefu yenye kichujio kwenye ncha ya chini.

Mrija hupitisha kinywaji mbali na pua. Kwa hivyo harufu hunuswa mapema, maji yanapomiminwa na mvuke kupanda. Ajon njema hunukia mkate uliobabuka kidogo. Inayonukia siki imeharibika, na hakuna chakula kitakachoiokoa.

Mikupuo ya kwanza ni mizito, michachu na yenye ukakasi unaokausha ulimi. Wanywaji wa mvinyo mwekundu wa Ureno wanaujua ukakasi huo, hasa wa bonde la Douro, ambalo mipaka ya mashamba yake ya mizabibu iliwekwa kisheria mwaka wa 1756. (Neno mvinyo lenyewe Waswahili walilitoa kwa Wareno, wanaosema vinho.) Katika mvinyo ukakasi hutoka kwenye maganda ya zabibu, katika ajon hutoka kwenye ngozi nyekundu ya punje za wimbi. Wareno huutuliza kwa nyama ya mwanambuzi iliyookwa, kwa kuwa mafuta na nyama hulainisha ukakasi.

Kanuni hiyo inafaa Busia pia, ila kwa tofauti moja kubwa. Mvinyo uliomiminwa hubaki karibu ulivyo hadi mlo uishe, ilhali chungu cha ajon huongezwa maji kila mara na ladha yake hugeuka. Chakula nacho sharti kigeuke.

Mwanzoni panafaa kumbikumbi waliokaangwa, karanga au mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta. Baada ya maji kuongezwa mara mbili tatu, uchachu hupungua na utamu wa kimea hujitokeza. Huo ndio wakati wa atap, ugali wa wimbi na muhogo, kwa mboga zilizoungwa kwa karanga na simsim. Ajon inapokuwa nyepesi kama maji ya uji, omena wakavu wenye chumvi kutoka ufuo wa Ziwa Victoria huipa uhai kidogo. Samaki aliyekamuliwa ndimu hafai mwanzoni, kwani ni uchachu juu ya uchachu. Mandazi hayafai wakati wowote. Sukari yake huifanya ajon ionekane chungu.

Hata hivyo, swali la kwanza la mwonjaji lisiwe la ladha bali la maji. Maji ya uvuguvugu ambayo hayakuchemka huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo, na wote waliozunguka chungu hunywa maji hayo hayo. Kila mtu kuwa na mrija wake hakuondoi hatari hiyo. Birika lichemke mbele ya wageni. Mwenyeji mwadilifu hachukizwi na ombi hilo.

Adabu nazo zipo: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala mtu hapulizi mapovu chunguni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 humtaka muuzaji awe na leseni, na humkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.