Ukimya wa Nasaba: Ukwepaji na Kumbukumbu ya Utumwa Kilwa na Lindi

Katika saikolojia ya tabia, ukwepaji ni hofu inayojilisha yenyewe. O. H. Mowrer alieleza mwaka 1947 kwamba mtu hujifunza kwanza kuogopa, kisha hugundua kuwa kujiepusha kunampa nafuu, na nafuu hiyo humzuia kujua kama hatari ingalipo. Mbwa wa Richard Solomon na wenzake, waliozoeshwa kuruka kizuizi ili wasipigwe umeme, waliendelea kuruka muda mrefu baada ya umeme kukatwa.

Nadharia hii ina sharti linalosahaulika upesi: umeme uwe umekatwa kweli. Pwani ya kusini ya Tanzania, kwenye Kilwa na Lindi, haikuwa hivyo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa; waliamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ukomo wa kisheria ulikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza, na hata hapo sheria haikuingia katika posa. Kwa fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa zaidi pwani, uungwana wa mwanamume na wa baba zake ni sehemu ya ukufu, yaani kulingana kwake na mke. Aliyenyamaza kuhusu asili ya babu yake alikuwa akimlinda kijana anayeposa. Kumwita mwenye hofu iliyopotoka ni kumwonea.

Vipi kuhusu wajukuu? Mwanahistoria Felicitas Becker amekusanya kumbukumbu za utumwa huko Mingoyo, karibu na Lindi, palipokuwa na shamba la watumwa. Mahali kama hapo panatulazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo mtazamaji wa nje huyaona kuwa ukimya mmoja. Mzee anayejua na kugeuza mazungumzo anakwepa. Mjukuu ambaye hakuambiwa kitu hakwepi chochote; amerithi pengo, bila ile hofu iliyolichimba. Wanaozungumzia "kiwewe cha vizazi" kwa wepesi huiruka tofauti hii, nami sioni ushahidi unaowaruhusu.

Tena ukimya wenyewe una mlango. Katika utani, hata msibani, mtu humwita mtani wake mtumwa wake na watu wakacheka. Ingekuwa rahisi kudai kwamba hii ndiyo tiba ya kukabili hofu kidogo kidogo, aliyoieneza Joseph Wolpe kutoka Afrika Kusini. Sikubaliani. Utani hurusha tusi kwa kabila zima, na papo hapo huliacha jina la babu wa fulani likiwa salama. Neno hutamkwa hadharani. Nasaba hubaki ndani.

Kwa hiyo mshauri nasaha anayefanya kazi Kilwa au Lindi asianze kwa kumhimiza mzee afunguke. Aulize kwanza nani katika ukoo bado hajaoa wala kuolewa, na nani mwingine atasikia.