Tari wa Magongo, Beki Aliyebaki

Mwulize mzee wa Nakuru aliyekuwa na redio miaka ya 1960 akutajie mwanamichezo mmoja wa Olimpiki, hatasita: Philip Waruinge. Bondia huyo wa hapa kwetu alitoka Mexico mwaka 1968 na shaba tu, lakini akapewa Kombe la Val Barker, ambalo hutunukiwa bondia aliyecheza vizuri kuliko wote. Mwenye dhahabu ya uzani wake hakulipata. Miaka minne baadaye, Munich, Waruinge akachukua fedha, kisha akahamia Japani kupigana ngumi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama. Alifariki mwaka 2022.

Tokyo 1964, Mexico 1968, Munich 1972: mara zote tatu Waruinge alikuwa kwenye msafara wa Kenya. Na mara zote tatu alikuwamo mtu mwingine ambaye huku Bonde la Ufa hatumtaji kabisa. Jina lake Avtar Singh Sohal, wenzake wakimwita Tari, nahodha wa timu ya magongo.

Nasema magongo ya nyasini. Kijana wa leo ukimtajia hoki huenda akawaza Ice Lions, wale wanaoteleza kwenye ukumbi wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, hadi Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafuni mwaka 2024. Hao habari yao ingali changa. Ya Tari ilianza zamani, juani.

Kwa kweli ilianza na reli. Njia ya chuma ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka uliofuata, na nyuma yake wakabaki mafundi kutoka Punjab: maseremala, wahunzi, makanika, waashi. Sisi tuliwaita Kalasinga, na jina hilo likaenea mpaka vijiji visivyokuwa na Kalasinga hata mmoja. Jioni kazi ikiisha walicheza. Kericho ilimtoa Joginder Singh, aliyezaliwa huko 1932 na kushinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Huyo tunamkumbuka kwa sababu gari lake lilipita mbele ya milango yetu likitutimulia vumbi. Mchezo wa magongo haukupita mlangoni kwa mtu. Ulichezwa ndani ya uwanja wa klabu, na klabu wakati wa ukoloni zilijengwa kwa rangi na dini: Wazungu kwao, Masingasinga kwao, Wagoa kwao, na Mwafrika akiingia basi ni kukata nyasi.

Hilo nalitaja mapema kwa kuwa ndilo lililokuja kuutafuna mchezo wenyewe.

Tari alizaliwa 1938. Kufikia 1957 alikuwa ameanza kuichezea Kenya, na alipoacha mwaka 1972 alikuwa amecheza mechi 167 za kimataifa. Idadi hiyo iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, hakuna aliyekuwa amecheza nyingi kuliko yeye duniani. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Roma 1960, Kenya ikamaliza ya saba. Tokyo, bendera mpya ya uhuru ikipepea, ikawa ya sita. Mashindano hayo ya Tokyo ndiyo yaliyompa Wilson Kiprugut wa Kericho shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na nchi ikashangilia mguu. Nafasi ya sita kwenye magongo, nyuma ya mataifa kama India, Pakistan na Australia, nani angeshangilia nafasi ya sita?

Alicheza beki. Magongo ya wakati ule yalipangwa kama soka ya zamani, mabeki wawili tu nyuma na washambuliaji watano mbele, kwa hiyo beki hakuwa na mtu wa kumfichia aibu. Nyasi hazikuwa sawa. Mpira uliruka, ukapinda, ukagonga shimo. Aliyeweza kuutuliza kwa gongo la mti huku adui anamjia ndiye aliyekuwa mchezaji. Wakenya, Masingasinga na Wagoa kina Surjeet Singh Panesar na Hilary Fernandes, walicheza kwa mtindo wa Punjab: pasi fupi, chenga, mkono mlaini.

Kilele kilikuja Oktoba 1971. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilikuwa lichezwe Pakistan, lakini uhasama wake na India ukalihamishia Barcelona. Kenya, Tari akiwa nahodha, ikafika nusu fainali na kufungwa na wenyeji Hispania bao 1-0. Katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ikapoteza kwa India 2-1, baada ya muda wa nyongeza. Ya nne duniani. Mpaka leo, kwa maoni yangu, Kenya haijawahi kuwa na timu ya mchezo wa mpira, uwe wa mguu, wa mkono au wa gongo, iliyosimama karibu hivyo na kileleni, labda ile ya kriketi ya 2003.

Lakini wachezaji walikuwa wanahama. Sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia. Uingereza nayo ikaanza kufunga mlango mwaka 1968, watu wakakimbilia viwanja vya ndege kabla haujafungwa. Maduka yalibadilisha majina, Nakuru kama kwingineko. Timu ya magongo ilipungukiwa mwaka hadi mwaka, na huko Munich ikamaliza ya 13. Tari alitundika gongo. Hakuhama.

Miaka ya 1980 tunamkuta akiwa kocha wa timu ya taifa. Aliyoikuta si timu aliyoiacha. Kenya ilikuwa imesusia Olimpiki za Montreal 1976 na Moscow 1980, kizazi kizima cha wachezaji kikazeeka bila kuziona. Wakati huohuo, kuanzia Montreal, Olimpiki zilikuwa zimehamia kwenye nyasi bandia. Kwenye zulia hilo mpira hauruki wala haupindi, unakwenda moja kwa moja kwa kasi, na ule mkono mlaini wa Punjab ukapoteza nusu ya thamani yake. Kilichotakiwa sasa ni mapafu na nguvu, na uwanja wa mamilioni ambao Kenya haikuwa nao. Beki aliyekulia kwenye nyasi zenye mashimo alipaswa kufundisha mchezo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuucheza. Watu humpima kocha kwa vikombe. Mimi Tari nampima kwa hilo. Los Angeles 1984 Kenya ilimaliza ya tisa, nafasi nne juu ya ile ya Munich, timu ambayo alikuwamo mwenyewe.

Uwanja wa City Park, Nairobi, ulipata nyasi bandia kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na mwaka uliofuata Kenya ikaenda Seoul, ikawa ya 12. Kufikia hapo kikosini kulikuwa na majina ya Kiafrika, vijana waliojifunza gongo shuleni, si klabuni.

Baada ya Seoul timu ya wanaume ya Kenya haijarudi Olimpiki. Na tangu Barcelona 1971 hadi Kombe la Dunia la 2023, hakuna timu nyingine ya wanaume kutoka Afrika iliyofika nusu fainali.